Mzazi naye aulizwe hali yake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone dhaifu na akamlea ndani ya tumbo la mama yake hatua baada ya hatua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo limo ndani ya nyumba zetu nyingi lakini ndimi huona uzito kulitaja. Nalo ni maradhi ya nafsi yanayompata mwanamke akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Mimbari zetu zimezungumza sana haki za mama juu ya watoto wake. Ni mara chache zimezungumza haki ya mama juu yetu sisi katika zile siku ambazo yeye mwenyewe hana nguvu za kudai.

Nianze kwa kisa ambacho mwandishi wa makala haya amekibeba shingoni kwa muda mrefu. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya swala ya Isha, alinijia kijana mmoja wa msikitini petu. Baada ya salamu akaniambia: "Shekhe, mke wangu amebadilika. Mtoto ana miezi miwili. Mama yake hali, halali, analia usiku bila sababu, na mtoto akilia anamtazama kama mtoto wa jirani. Mama yangu anasema ana jini." Nikamwambia nitakuja. Nikaenda na wanafunzi wangu wawili, tukasoma aya tulizozoea kusoma, tukamsomea maji ya kunywa, tukamuusia subira na kushukuru neema ya mtoto, tukaondoka.

Wiki tatu baadaye majirani walimkuta yule dada wakati wa magharibi akitembea peke yake mbali na nyumbani, hajui anakokwenda, na mtoto amebaki chumbani akilia. Mwenyezi Mungu aliwanusuru wote wawili. Kaka yake akamchukua hospitali ya mkoa, akapewa dawa na mazungumzo ya ushauri, na baada ya miezi michache akarudi katika hali yake. Leo anasomesha watoto wadogo chuoni. Siku moja alikuja na watoto wake kunisalimia, akaniambia kwa adabu: "Shekhe, mlinisomea, Mungu awalipe. Lakini siku ile hakuna aliyeniuliza mimi nina nini."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Tulimuuliza mumewe, tukamuuliza mkwewe, tukazungumza na jini ambaye hatukumwona. Mgonjwa mwenyewe hatukumuuliza neno. Makala haya ni katika kulipa deni hilo.

VIJIWE VINAPOGEUKA MAHAKAMA

Mara kwa mara husomwa magazetini habari ya mama aliyemtelekeza mtoto wake mchanga, au aliyemdhuru, au aliyejidhuru mwenyewe. Siku hiyo kila kijiwe hugeuka mahakama. Huyu atasema ni unyama, yule atasema ni dunia ya mwisho, na mwingine atataka anyongwe. Hatusemi kwamba kila tukio la namna hiyo chanzo chake ni ugonjwa. Tunalosema ni kwamba yapo yatokanayo na ugonjwa, na mwenye kuhukumu kabla ya kujua amejibebesha dhima.

Hata sheria za nchi zimeliona hilo. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na kifungu cha 210 cha ile ya Kenya, vinamtazama kwa jicho la pekee mama aliyesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, pale akili yake ilipokuwa imevurugika kwa kutopona sawasawa athari za uzazi. Kosa lake huhesabiwa kama la kuua bila kukusudia. Nayo Sharia yetu ilitangulia kuweka msingi mpana zaidi, kwani imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie.

Lakini ndugu zangu, sheria ya mahakama huja baada ya jeneza. Swali la kujiuliza ni hili: katika zile wiki zote kabla ya tukio, nani alikuwa karibu na mama yule, na aliona nini?

MARADHI YENYEWE NI YAPI?

Madaktari huyagawa mambo haya katika daraja tatu, na ni wajibu kila mwenye nyumba azijue.

Daraja ya kwanza ni majonzi ya siku chache. Wanawake wengi, pengine zaidi ya nusu ya wanaojifungua, hupatwa na kulia ovyo, wasiwasi na hasira za ghafla kuanzia kama siku ya tatu baada ya kujifungua. Homoni zilizokuwa nyingi mwilini wakati wa ujauzito hushuka kwa kasi, usingizi unakuwa haba na maumivu bado yapo. Hali hii huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili kwa kupumzika na kutunzwa. Hii si maradhi.

Daraja ya pili ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado mama ana huzuni kutwa kucha, haoni ladha ya jambo lolote, hapati usingizi hata mtoto anapolala, hana hamu ya chakula, anajiona mama mbaya asiyefaa, anamwogopa mtoto au hahisi mapenzi kwake, au anatamani asingekuwapo duniani, basi huyo ni mgonjwa anayehitaji tiba. Sonona hii inaweza kuanza wakati wa ujauzito, na inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Wakati mwingine huja katika sura ya wasiwasi mkubwa: mama anaamka kila dakika kutazama kama mtoto anapumua, moyo unamwenda mbio, mawazo ya kutisha yanamjia na yeye mwenyewe anayachukia.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kiasi cha mwanamke 1 katika kila 10 wajawazito, na asilimia 13 ya waliotoka kujifungua, hupatwa na maradhi ya akili, na zaidi huwa ni sonona. Katika nchi zinazoendelea kiwango hicho ni kikubwa zaidi: asilimia 15.6 kwa wajawazito na asilimia 19.8 kwa waliojifungua. Maana yake, ndugu msomaji, katika kila hafla tano za akika tunazohudhuria na kula pilau, inaelekea kwamba katika mojawapo yuko mama chumbani anayelia na mlango umefungwa.

Daraja ya tatu ndiyo watu wetu huiita kichaa cha uzazi. Hii ni nadra, humpata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na aghalabu huanza ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mama halali kabisa, anasema maneno yasiyoshikamana, anasikia sauti wasizozisikia wengine, anadhani mtoto amebadilishwa au ametumwa kumdhuru. Huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kama anavyopelekwa anayetokwa na damu nyingi. Asiachwe peke yake, wala asiachwe peke yake na mtoto, hata kwa muda wa kuchota maji. Kwa tiba, walio wengi hupona.

Wako wanaokabiliwa na hatari zaidi kuliko wengine: aliyewahi kuugua maradhi ya akili kabla, aliyepoteza mtoto au mimba, aliyepata uzazi mgumu, msichana mdogo, aliyepata mimba asiyoitaka, asiye na msaada wa ndugu, mwenye dhiki ya fedha, na anayepigwa au kutukanwa na mumewe. Tazama orodha hiyo kwa makini. Baadhi ya mambo hayo ni kadari ya Mwenyezi Mungu isiyo na mkono wa mtu. Mengine yametengenezwa na mikono yetu.

MARYAMU NA MAMA YAKE MUSA

Maneno yanayomuumiza mzazi kuliko yote ni yale yatokayo kwa watu wa dini: "Huna imani." "Humshukuru Mungu aliyekupa mtoto, wenzako wanalilia." Wenye kusema hivyo na warejee katika Qur'ani Tukufu wasome upya.

Katika Sura ya 19, kuanzia aya ya 23, tunaelezwa namna uchungu wa uzazi ulivyompeleka Bibi Maryamu (a.s.) kwenye shina la mtende, akiwa peke yake, akatamani kuwa laiti angekufa kabla ya siku hiyo na akawa kitu kilichosahauliwa. Aliyetamka hayo ni mwanamke ambaye Qur'ani hiyo hiyo, katika Sura ya 3 aya ya 42, imemtaja kuwa ameteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu. Ni nani basi atakayesimama leo aseme kwamba mwanamke anayetamani kifo katika dhiki ya uzazi hana imani?

Na tuangalie alijibiwa nini. Hakulaumiwa hata kwa neno moja. Kwanza alipewa neno la kuliwaza, kwamba asihuzunike. Kisha akaonyeshwa maji chini yake. Kisha akaelekezwa kwenye tende mbivu, chakula kilicho karibu na mkono. Akaambiwa ale, anywe na litulie jicho lake. Na mwisho akapewa ruhusa ya kunyamaza, asijibizane na mtu yeyote, na mtoto wake akamsemea mbele ya watu. Liwazo, maji, chakula, utulivu, na kinga dhidi ya midomo ya watu: hayo ndiyo aliyopewa mzazi na Mola wake. Madaktari wa zama zetu wanapotaja mahitaji ya mama mwenye sonona, hawaendi mbali na hapo.

Ama mama yake Nabii Musa (a.s.), Sura ya 28 aya ya 10 inaeleza kwamba moyo wake ulibaki mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni, hata akakaribia kuidhihirisha siri, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo wake. Kisha aya ya 13 inataja sababu za kurudishwa mtoto, na ya mwanzo kutajwa ni ili jicho la mama litulie na asihuzunike. Utulivu wa moyo wa mama umetajwa kuwa ni lengo lenye uzito wake.

Naye Mtume wetu (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.), alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kujua namna moyo wa mama yake unavyotaabika. Imamu wa Maimamu amepunguza kisomo cha swala ya jamaa kwa ajili ya wasiwasi wa mwanamke mmoja aliye safu za nyuma. Sisi tunashindwa kupunguza sauti ya televisheni ili mzazi alale saa moja.

KISOMO NA HOSPITALI

Hapa ndipo penye mzozo mkubwa, nasi tuseme wazi. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo lenye asili katika dini, na faraja yake haina shaka. Kosa ni kukifanya kisomo kuwa kizuizi cha tiba. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute matibabu, akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hakuyatoa maradhi ya nafsi katika amri hiyo.

Wala elimu ya maradhi haya si kitu cha kigeni tulichokiokota kwa wengine. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Khurasani aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na nafsi kwa pamoja. Aliigawa huzuni katika mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile isiyo na sababu inayojulikana, ambayo aliinasibisha na hali ya mwili na akaielekeza kwenye tiba ya mwili. Na Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mashuhuri mjini Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walitengewa mahali pao pa kutibiwa. Wale walikuwa watu wa swala na Qur'ani kama sisi, tena walitupita, na hawakuona aibu kumtibu mgonjwa wa akili.

Kwa hiyo, kwa ndugu zangu masheikh na walimu, huu ndio wasia wangu. Akiletwa kwenu mama mjamzito au aliyejifungua, kabla ya kufungua msahafu muulizeni yeye mwenyewe, mbele ya maharimu wake, au mtumieni mwanamke mwenye hekima amuulize: Unalala? Unakula? Unajisikiaje na mtoto? Je, yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto? Swali hili la mwisho watu huliogopa wakidhani litampandikizia mgonjwa fikra hiyo. Madaktari wanatuambia si hivyo. Kuulizwa kwa upole humpunguzia mzigo. Akijibu ndiyo, safari ya hospitali ianze pale pale, na kisomo kiendelee njiani.

Kuhusu dawa, zipo dawa za sonona ambazo daktari anaweza kumpa mama anayenyonyesha bila kumwachisha mtoto ziwa. Zipo pia dawa za akili na za kifafa ambazo hazifai kwa mjamzito, na daktari hana budi kujua ili azibadilishe mapema. Mgonjwa asiache dawa kwa ushauri wa jirani, wala asianze kwa ushauri wa muuza duka. Tena si kila mgonjwa hupewa dawa. Wengi wenye sonona nyepesi hupona kwa mazungumzo ya ushauri na kusaidiwa kazi. Na watu wasiogopeshwe na jina la Mirembe ya Dodoma au Kidongo Chekundu ya Unguja. Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na wengi hawahitaji kuuvuka mlango huo kwenda mbali.

ARUBAINI INAPOKWISHA

Mila zetu za Kiswahili zina mengi mema katika jambo hili. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, hupewa mtu wa kumshika mtoto, na hakaribishwi jikoni mpaka arubaini. Hekima hiyo inakutana na Sunna, kwani Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamrisha ipikwe talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na mfiwa, na akasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) ameutaja kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni.

Lakini tazameni linalotokea siku ya arubaini. Mtoto ananyolewa, ubani unafukizwa, shangazi anafunga mzigo wake, bibi anarudi shamba, na mama anakabidhiwa nyumba yote: kuni, maji, mume, watoto wakubwa na kichanga kisicholala. Na hapo hapo ndipo sonona, ambayo huanza taratibu, inapopata nafasi ya kukaza. Mjini hali ni ngumu zaidi, kwani wengi wanaishi chumba kimoja cha kupanga, mbali na ndugu, na arubaini yenyewe haitimii hata wiki mbili. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 imempa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84, na baba siku 3 tu. Asiye na ajira rasmi, ambaye ndiye aliye wengi, hana hata hizo.

Kwa upande wa serikali, kazi kubwa imefanyika na tuseme ahsante. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Mwili wa mama umeangaliwa. Imebaki nafsi yake. Mama huyu anapeleka mtoto kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inaandikwa. Mara tano mama ameketi mbele ya muuguzi akiwa na huzuni yake mapajani pamoja na mtoto, na foleni ni ndefu, na hakuna aliyemuuliza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 unaozitaka nchi ziunganishe huduma ya afya ya akili na huduma hizi hizi za mama na mtoto. Yapo maswali 10 mafupi, yaliyotungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, yanayotumika leo katika nchi nyingi kumtambua mama mwenye sonona. Huchukua kiasi cha dakika tano. Hayahitaji mashine wala umeme.

SOMO KUTOKA PAKISTANI

Pengine msomaji atasema: wataalamu wa akili ni wachache, tutawatoa wapi? Jibu limepatikana katika nchi ya Waislamu wenzetu, vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistani. Huko Dakta Atif Rahman na wenzake hawakungoja madaktari. Waliwachukua wahudumu wa afya wanawake wa vijijini, watu wa elimu ya kawaida ambao tayari walikuwa wakitembelea nyumba kwa ajili ya chanjo na lishe, wakawafundisha namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona na kumsaidia kuzigeuza fikra zinazomvunja moyo. Mama alitembelewa mara 16: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, mara tatu katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha mara moja kila mwezi kwa miezi tisa.

Hekima yao kubwa ilikuwa katika mlango walioingilia. Hawakuingia nyumbani wakisema mkwe wenu ana ugonjwa wa akili. Waliingia wakisema tunataka mtoto akue vizuri, na mtoto hakui vizuri ila mama yake awe na raha. Basi familia yote, mama mkwe akiwamo, ikaketi kusaidia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la tiba la The Lancet. Kina mama 903 waliokuwa na sonona katika ujauzito walishirikishwa. Miezi sita baada ya kujifungua, wale waliotembelewa na wahudumu wasiofundishwa mbinu hiyo, asilimia 53 walikuwa bado wana sonona. Waliotembelewa na waliofundishwa, ni asilimia 23. Tena watoto wa kundi hilo la pili waliugua kuhara kwa uchache zaidi na wengi wao walikamilisha chanjo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliutoa mpango huo kuwa kitabu cha mafunzo kwa nchi nyingine.

Nasi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunao pia wakunga, masomo na kina mama wa madrasa ambao kila nyumba huwafungulia mlango. Tunachokosa si watu.

NANI AFANYE NINI?

Mume ndiye wa kwanza kuulizwa. Qur'ani katika Sura ya 2 aya ya 233 imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Mtume (S.A.W.), kwa ushahidi wa Bibi Aisha (r.a.), alikuwa nyumbani katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Basi kumbeba mtoto usiku ili mama apate usingizi wa saa nne mfululizo hakumpunguzii mtu uanaume, kunamfuatisha Sunna. Na ajihadhari na talaka katika siku hizo. Wanazuoni wameihesabu talaka itolewayo ndani ya hedhi na nifasi kuwa ni ya bidaa yenye dhambi. Mwenye kumtishia mzazi kwa talaka, au kwa mke wa pili kwa sababu amezaa wa kike, anamtia maradhi kwa ulimi wake.

Mama mkwe na mawifi, nyinyi ndio macho ya nyumba. Mkiona wiki mbili zimepita na mkwe wenu bado analia, msiseme "sisi tulizaa kumi na hatukudeka." Mliozaa kumi mnajua nani kati ya wenzenu aliteseka akanyamaza.

Mzazi mwenyewe, dada yangu: ibada haijakukimbia. Kuondolewa swala katika nifasi ni rehema uliyopewa na Mola wako, na dua na dhikri ziko wazi kwako muda wote. Mjamzito na mwenye kunyonyesha wakichelea madhara wameruhusiwa kula Ramadhani, na wanazuoni wameeleza namna ya kulipa. Huzuni yako haijafuta malipo yako. Umwambie mtu mmoja unayemwamini leo, kwa maneno haya haya mepesi: siko sawa, naomba nipelekwe hospitali.

Misikiti nayo itenge darasa moja katika mafunzo ya ndoa kwa jambo hili, na imwalike muuguzi au daktari aje azungumze na wanaume. Na viongozi wetu wa afya wayaweke maswali yale kumi katika kadi ya kliniki, ili mzazi aulizwe hata kama nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Ndugu zangu, mtoto akizaliwa sisi sote hukimbilia kumtazama. Tunauliza anafanana na nani, ana uzito gani, ameitwa jina gani. Ijumaa hii, ukitoka msikitini ukapita nyumba yenye kichanga, msalimie mtoto, kisha muulize mama yake hali, ungoje ajibu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu wanaougua, walio wazi na walio sirini, na atusamehe sisi tuliopita bila kuuliza. Amin.

Wallahu aalam.